Binti wa Mashineni

Fomu ya kuchagua bweni aliijaza mama, si mimi. Aliijazia juu ya gunia la mahindi, mashine ikinguruma, vumbi la unga likitua kwenye karatasi kila alipoinua mkono. Kulikuwa na machaguo matatu. La kwanza lilikuwa bweni la zamani lililo katikati ya chuo, vitanda vya juu na chini, wanafunzi wanane chumba kimoja, ambalo wenyewe wanaliita Sokoni, na aliyelipa jina hilo hakuwasingizia. La pili zilikuwa hosteli za watu binafsi ng'ambo ya barabara, kila mtu na jiko lake na ufunguo wake wa geti. Hizo baba alizikata kwa kidole kabla sijamaliza kuzisoma. La tatu liliandikwa Bweni la Kimya: wawili chumbani, chumba cha kusomea kila ghorofa, na chini yake masharti, kwa herufi za kutafuta kwa miwani.

Mimi nilitaka Sokoni. Dada mmoja wa mtaani kwetu aliyetangulia chuoni alinisimulia mambo ya huko mpaka nikawa naiota foleni ya bafuni. Nilimwambia mama hivyo kwa sauti ya kuishinda injini, na kwetu sauti hiyo inamfikia mtu wa mtaa wa pili. Mama aliweka alama kwenye Kimya, akapuliza unga, akakunja karatasi.

"Umekulia kwenye makelele," akasema. "Nenda kapumzike."

Nilinuna siku tatu. Nina hasira za karibu, sikatai, na zikija sizifichi. Lakini kwa mama kununa ni kazi bure, maana anakupa tu kazi ya kufanya huku umenuna.

Nyumba yetu na mashine ya kusaga zinachangia ukuta mmoja. Baba aliinunua mashine hiyo kabla sijazaliwa, na tangu hapo injini inawashwa asubuhi mteja wa kwanza anapotua gunia, inazimwa jioni. Kwetu hakuna anayenong'ona. Tunasalimiana kwa kelele, tunaombeana chumvi kwa kelele, hata siri tunaambiana kwa kelele, na majirani kwa ustaarabu wao wanajifanya hawakusikia. Ukitaka kumwambia baba jambo, unamgusa bega kwanza, anageuka, anakutazama usoni, ndipo unasema. Sikuwahi kujiuliza kwa nini. Kila nyumba ina namna yake, na hiyo ndiyo ilikuwa namna yetu.

Bweni la Kimya lilikuwa na ghorofa nne zilizozunguka ngazi moja pana, wazi katikati, kiasi kwamba kijiko kikianguka chini, wa juu kabisa wanajua ni kijiko cha chai au cha kupakulia. Korido zilitandikwa mpira. Milango ilibandikwa sponji pembeni isigonge. Viatu ilikuwa ndala za kitambaa tu. Na juu ya yote alikuwepo mlezi wa bweni, mama mfupi mwenye raba nyeupe, ambaye hujui amefika mpaka unusu harufu ya sabuni yake. Hakuwahi kumkemea mtu. Ukipiga kelele alikuletea karatasi ya njano, ukatia saini, akaondoka nayo.

Siku ya kwanza alitukusanya wapya chini, kwenye ukumbi wa wageni, akatupa habari kamili, tena kwa kunong'ona, hivyo ilibidi tumsogelee kama vifaranga. Karatasi ya kwanza ni onyo. Ya pili ni onyo. Ya tatu unafungasha, na anayetolewa kwa nidhamu hapewi kitanda kwingine chuoni mwaka mzima. Akataja na mfano, msichana wa mwaka uliopita aliyetolewa akaenda kupanga mbali, akawa anachelewa vipindi, mwisho akaacha masomo kabla ya mitihani.

Kwa upande wangu mbali palikuwa kwa shangazi, mwisho kabisa wa jiji, saa mbili kwenda na saa mbili kurudi. Shangazi yangu nampenda. Ila ana watoto wanne, mkubwa hajaanza shule, na anaamini mgeni mwema ni yule mwenye mtoto mgongoni na mwiko mkononi. Nikienda kwake nitakuwa nimekwenda kulea, si kusoma. Nilijiambia papo hapo kwamba kwenye bweni lile nitakaa kwa meno na kucha.

Karatasi ya kwanza niliipata kabla jua la siku hiyo halijazama. Nilikuwa namsalimia tu mwenzangu wa chumbani. Alikuwa amekaa kitandani, msichana mwembamba wa kozi ya ufamasia, anakunja soksi. Nikasema hujambo mwenzangu, nikamweleza natoka wapi na nimekuja na nini, na nilipofika kwenye habari ya unga niliobeba, mlezi alikuwa mlangoni na kalamu. Mfamasia, kama nilivyokuja kumwita, alinitazama kwa huruma. Akaniambia jambo. Sikulisikia. Akarudia. Nikamuuliza kama anaumwa koo.

Ya pili aliniletea baba. Alinipigia siku ya nne, saa kumi na moja jioni, muda ambao huwa ameshazima injini. Simu niliiweka sikioni, lakini sauti yake haikutaka kukaa humo.

"Mwanangu, umekula?"

Nikamjibu kwetu-kwetu kwamba nimekula. Akauliza nimekula nini. Nikamwambia. Akauliza godoro likoje. Tulipofika kwenye mto, harufu ya sabuni ikanifikia. Nikatia saini, na kabla ya kukata nikamwambia baba ukweli, kwa sauti ile ile, maana liwalo na liwe, karatasi ilishaandikwa.

"Baba, nimepewa onyo la pili. Kwa ajili ya simu. La tatu wananifukuza, nitakwenda kukaa kwa shangazi."

Kisha akasema, "Basi ongea polepole, mama. Ongea vile wanavyotaka wao." Ananiita mama akitaka kunibembeleza.

Mtu ataniuliza kwa nini sikutoka nje kupiga simu. Nilitoka. Mbele ya geti ni barabara ya njia nne, na jioni ya pili mtu aliyepakiwa kwenye pikipiki alininyooshea mkono sikioni, akaikosa simu kwa kidole kimoja. Nilirudi ndani mbio, na sikutoka tena.

Ni Mfamasia aliyenifundisha kunong'ona. Nilidhani kunong'ona ni kuongea kidogo kidogo, kumbe ni kazi nyingine kabisa. Alinishika mkono akauweka kooni kwangu. "Sema jina lako," akasema. Nikasema. "Umesikia koo linavyotetemeka? Hapo hujanong'ona. Sema mpaka koo litulie." Tulifanya zoezi hilo wiki nzima, kila tukitoka kuoga. Nilipopatia mara ya kwanza, nilihisi nimetoa pumzi tu, sijasema kitu, lakini yeye aliitikia kwa kichwa akacheka kwa mabega, kama wanavyocheka wote mle ndani.

Mpaka wakati huo, wasichana wa ghorofa yetu walikuwa wameshanipa jina. Waliniita Spika. Jioni walikutana kwenye chumba cha kusomea mwisho wa korido, watano au sita, na chupa ya chai, wakaongea mambo yao kwa pumzi, na nilipotokea mlangoni kila mmoja alikumbuka ana kazi ya kumaliza. Sikuwalaumu sana. Nao walikuwa na karatasi zao za njano za kuogopa. Lakini kuachwa ni kuachwa, hata ukiachwa kwa adabu.

Kwa hiyo nikawa nashinda Sokoni. Wenzangu wawili wa kozi ya takwimu walikaa huko, na kitanda chao cha chini kilikuwa benchi ya kila anayepita. Huyu anasukwa, yule anapiga pasi juu ya sanduku, mwingine anagombana na ndoo, redio inaimba na hakuna anayeisikiliza. Nilikuwa nikiketi pale dakika tano nalala fofofo, usingizi wa nyumbani, mpaka wananicheka. Kule kwangu Kimya nilikuwa nakodoa macho, nasikia damu yangu mwenyewe ikitembea masikioni. Niliomba kuhamia Sokoni. Karani wa mabweni hakuinua hata kichwa. Kulikuwa na majina mia mbili mbele yangu.

Usiku sikulala, mchana nilisinzia darasani, na jaribio la kwanza la takwimu nikapata kumi na tisa kwa mia. Sijawahi kupata kumi na tisa ya kitu chochote. Niliikunja ile karatasi mara nne, nikaingia chumba cha kufulia, nikafungulia bomba lifunike sauti, nikalia.

Jioni baba akapiga. Alikuwa akipiga kila siku, saa ile ile, hakosi. Nikakaa sakafuni nyuma ya kitanda, mkono kooni kuhakikisha hapatetemeki, nikamweleza yote. Nilimweleza kwa kunong'ona kuhusu kumi na tisa. Nikamwambia silali. Nikamwambia wananiita Spika na wananikimbia, na kwamba leo nimelia mpaka maji yakajaa kwenye beseni yakamwagika, na kwamba labda nirudi tu nyumbani nikashike mashine. Niliongea kwa muda mrefu kuliko nilivyowahi kuongea naye maishani. Nilipomaliza nikasubiri.

"Eh," akasema baba. "Vizuri. Vizuri sana, mwanangu."

Nilidhani hakunielewa. Nikarudia, kwa ufupi, kwamba nimelia.

"Vizuri sana," akasema. "Haya, usiku mwema."

Sijui kama nimewahi kuumia vile. Nilijaribu kumtetea moyoni, kwamba amechoka, kwamba wateja wamemsumbua, lakini kesho yake ikawa hivyo hivyo, na keshokutwa. Nikimwambia naumwa, vizuri. Nikimwambia nataka kuacha chuo, vizuri sana. Siku ya nne nikamtega. Nikanong'ona, "Baba, nimevunjika mguu." Akasema, "Eh, vizuri, Mungu akubariki." Hapo mori ulinipanda. Nikajiambia kumbe anapiga kutimiza wajibu, kama mtu anayemwagilia ua asilolipenda. Nikakata simu, na tangu siku hiyo ikiita saa kumi na moja naitazama mpaka inanyamaza.

Mama alinipigia mara moja.

"Baba yako anasema hupokei."

"Nipokee ya nini, mama? Hanisikilizi."

Mama hana kawaida ya kukosa neno. Siku hiyo alianza sentensi mbili akaziacha. "Hebu pokea tu," akasema mwishowe, akakata.

Sikupokea. Na ajabu, mambo yangu yakaanza kunyooka. Mwili ulikuwa umezoea kile chumba changu, nikawa nalala. Kunong'ona kuliniingia mpaka nikawa nanong'ona hata kantini, mwuzaji ananiambia dada toa sauti. Jioni moja Mfamasia alinishika kiwiko akanipeleka mwisho wa korido, wale wenzake wakasogea, nikakaa. Walinimiminia chai. Nikawasimulia, kwa pumzi, jinsi nilivyomuuliza Mfamasia kama anaumwa koo, na mabega sita yakatikisika. Tangu siku hiyo nilikuwa na nafasi yangu pale, karibu na dirisha, na jina la Spika likabaki la utani tu. Tukasoma pamoja. Jaribio la pili nikapata sitini na moja. Nilikuwa mwanafunzi wa chuo sasa, nina wenzangu, nina kitanda, nina karatasi mbili tu za njano na sioni itakapotokea ya tatu. Nilihesabu wiki mbili na siku tatu bila kuongea na baba, na nilijisifu kwa kila siku moja.

Jumamosi ya tatu tangu niache kupokea, baba akaja.

Jumamosi ndiyo siku ya wageni. Wanakaa ukumbini chini, kwenye viti vya mbao, mchana mpaka saa kumi, na wageni wanavumiliwa kidogo, kwa sababu sheria ni ya wakazi. Niliitwa. Nilishuka ngazi nikiwa nimepanga maneno yangu yote makali, na nikamwona tangu ghorofa ya pili. Alikuwa amevaa shati lake la sherehe. Ameoga, amechana nywele, lakini unga hautoki kwenye nyusi zake hata afanyeje. Alikuwa amewapa watu wote mgongo, anasoma masharti ya bweni yaliyobandikwa ukutani.

"Mzee," mlezi alimwita kutoka mezani, kwa ile sauti yake. "Mzee, njoo utie saini."

Baba aliendelea kusoma. Nikaona aibu. Baba yangu si mtu wa dharau, nikashangaa amejifunza lini.

"Mzee," mlezi akarudia.

Ndipo mama wa usafi, aliyekuwa anatoka jikoni na trei ya vikombe, alipoteleza. Trei ilikuwa ya bati na vikombe vya bati. Sijawahi kusikia kitu kama kile kwenye jengo lile. Ghorofa zote ziliruka. Mlezi alishika kifua. Wageni wote waligeuka, mtoto mmoja akaanza kulia, milango ikafunguliwa mpaka juu.

Baba hakugeuka. Alilamba kidole kama mtu anayetaka kufungua ukurasa, akakumbuka ni ukuta, akasogea kwenye sharti linalofuata.

Nilisimama pale kwenye ngazi, maneno yangu makali yote yameniishia. Kikombe kimoja kilibingirika taratibu mpaka kikagusa kiatu chake. Akatazama chini, akakiokota, akageuka na kuona watu wote wanamtazama, na akatabasamu lile tabasamu lake la nyumbani, la mtu anayecheka kwa sababu wengine wamecheka.

Akaniona. "Umekonda," akasema, kwa sauti ya mashineni, na jengo zima likajua nimekonda.

"Shikamoo, baba."

Macho yake yalikuwa mdomoni kwangu. "Marahaba."

Tulikaa. Nilitaka bado isiwe kweli. Nikaweka kiganja mdomoni, kama mtu anayekohoa, nikanong'ona nyuma yake, "Baba, unanisikia?"

Alitazama kile kiganja. Akatazama macho yangu, akatafuta humo, akakosa.

"Vizuri," akasema. "Vizuri sana."

Nilishusha mkono. Nikamuuliza bila sauti, kwa midomo tu, tangu lini. Akapapasa mshono wa suruali. Kisha akanijibu, na kwa mara ya kwanza maishani nilimwona anajitahidi kupunguza sauti, asijue ameipunguza kiasi gani. Sikio la kushoto lilikwisha miaka mitatu iliyopita. La kulia lilikuwa bado na kitu ndani yake, ukiongea karibu na ukiongea kama watu wa nyumbani. Daktari alisema ni mashine. Mama alijua, ila yeye baba alimkataza kutuambia, tusije tukamwona mzigo.

"Ndiyo maana mama yako alichagua hapa," akasema. "Alisema wewe masikio yako yasiliwe."

Nikakumbuka alama aliyoiweka kwenye fomu na zile siku tatu nilizomnunia. Niliona haya mbele ya mtu ambaye hata hakuwepo.

"Na simu?" Nilimwonyesha yangu. "Nilipokuwa naongea. Ulikuwa unasikia nini?"

"Kama upepo," akasema. "Ukikatika, nasema vizuri."

"Kwa nini hukuniambia niongeze sauti?"

Alinitazama kama nimeuliza jambo la kitoto. "Si ulisema la tatu wanakufukuza?"

Akadhani sijaelewa, akatoa simu yake mfukoni, ile ndogo ya vitufe, akanielekeza kwa kidole kinene kwenye kioo.

"Hapa juu inahesabu. Dakika na sekunde. Zikienda najua upo. Nakaa naziangalia. Siku moja zilifika kumi na nane, nikamwambia mama yako, leo mtoto ana mengi." Akakifuta kioo kwa shati. "Zile wiki za mwisho hazikuhesabu kitu. Ndiyo nikaja."

Ilikuwa ile siku ya alama kumi na tisa kwa mia. Dakika kumi na nane nilimmwagia roho yangu, na yeye alikaa kando ya injini iliyozimwa akitazama namba zinabadilika, akifurahi.

"Basi niambie sasa," akasema. "Siku ile ulisema nini?"

Upande wa kushoto wa ukumbi kulikuwa na mlango wa bustani. Hatua thelathini. Kule nje ningeweza kupayuka nitakavyo, na kitanda changu kingebaki changu. Niliushika mkono wa baba niinuke naye. Halafu nikatazama juu. Mfamasia na wenzake walikuwa wameegemea reli ya ghorofa ya tatu. Wageni walikuwa bado wanamtazama baba kwa pembe za macho, yule mzee wa unga aliyepiga kelele. Na yeye alishaanza kunyanyuka haraka, bila kuuliza, akitazama sakafu, kama mtu aliyezoea kutolewa nje mambo yakitaka kusemwa. Hilo lilinichoma kuliko yote. Nikajua kwamba nikimtoa sasa, nitakuwa nimemtoa kwa sababu namwonea aibu, hata nikijidanganya vipi.

Nikamrudisha kitini. Nikasogeza kiti changu upande wake wa kulia.

"Baba," nikasema, kwetu-kwetu, na koo langu likatetemeka lote, "nilipata kumi na tisa kwa mia."

Ghorofa nne zilinisikia. Mwangwi ukapanda ngazi, ukarudi. Mlezi aliinua kichwa. Baba naye aliinua kichwa, na nikaona uso wake unafunguka, si kwa zile alama, ila kwa kuwa neno lilimfikia.

"Kumi na tisa?" akasema. "Ya nini?"

"Takwimu!"

"Na sasa?"

"Sitini na moja!"

"Ah," akasema. "Hiyo ni nzuri." Na mara hii alijua alichokisifia.

Harufu ya sabuni ikafika. Mlezi alikuwa amesimama kando yetu na karatasi ya njano, na nakiri, mkono wake haukuwa na haraka. Alinong'ona kwamba anaweza kungoja kama nitampeleka mzee bustanini. Nilimshukuru. Nikachukua kalamu mkononi mwake, nikatia saini juu ya goti langu, nikamrudishia. Baba aliisoma ile rangi akaelewa, maana masharti yote alikuwa ameshayasoma ukutani. Akashika viti vyote viwili ainuke, amfuate yule mama, amwombe.

"Kaa, baba," nikasema. "Sijamaliza."

Akakaa nusu kiti. "Wanakutoa kwa ajili yangu."

"Nitakwenda kwa shangazi. Nitaamka saa kumi alfajiri, nitasomea njiani. Kaa nikuambie."

Nikamwambia. Nilimwambia yote ya dakika kumi na nane, kwa mpangilio ule ule, sikuruka hata moja: Spika, na chai waliyoikatiza kila nilipotokea, na usingizi, na lile bomba nililolifungulia ili watu wasisikie. Nilimwambia na lile la mguu, kwamba nilimtega, na kwamba kwa wiki mbili na siku tatu nilimchukia. Sikio lake la kulia lilikuwa karibu kabisa na mdomo wangu, na kila neno nililolisema lilitikisa kidogo unga wa kwenye nyusi zake. Huko juu kuna mtu aliyekuwa anavuta kamasi, nadhani ni Mfamasia.

"Nilikuwa mpweke, baba," nikamalizia. "Nilikuwa naongea na hakuna anayenisikia."

Baba aliutazama mdomo wangu hata baada ya kuwa nimeufunga. Alipofumbua wake alijaribu sana kunong'ona, kwa heshima ya mahali, mkono wake umeshika koo kama vile kuna mtu aliyemfundisha. Lakini yeye hakuwa na namna ya kujua kama ameweza, na hakuweza, na kila mtu kwenye ghorofa zote nne alimsikia.

"Hata mimi, mama," akasema. "Hata mimi."